Shajara ya mradi: kutoka stoo hadi chumba cha maonyesho, kituo cha hija, Kakamega

Shajara hii tunawaandikia wenzetu wa vituo vya hija na parokia zenye kabati la vitu vya kale na hakuna ajuaye pa kuviweka. Bei ni za Kakamega na Kisumu, kwa shilingi za Kenya. Yaliyokwenda sawa yamepewa mstari mmoja. Yaliyotushinda yamepewa nafasi.

18 Januari 2025: Orodha kwanza, rangi baadaye

Chumba ni stoo ya zamani ya matofali, mita 9 kwa 6, paa la mabati bila dari, madirisha mawili yanayotazama magharibi, mlango wa mbele na mlango mdogo wa nyuma. Kila aliyeingia alitaka tuanze na rangi. Tumeanza na orodha, na imekula wiki tatu: mavazi ya ibada 22, vyombo vya chuma 17, sanamu 9, picha 38, vitabu 12, vitu vya nadhiri 45. Jumla 143.

Vitu vya nadhiri ni vile mahujaji wameviacha kwa shukrani: magongo, viatu vya mtoto, plasta za miguu iliyovunjika, rozari na barua za shukrani. Mtu angedhani hivyo ndivyo vya kurundika nyuma ya pazia na vyombo vya fedha vikakaa mbele. Sheria ya Kanisa inasema kinyume: Kanuni ya 1234 inataka sadaka za nadhiri zionyeshwe katika kituo chenyewe au karibu nacho, na zilindwe. Kwa hiyo ukuta mrefu wa mashariki umetengewa nadhiri. Vyombo vya fedha vitajibanza panapobaki.

Viwili vimeondolewa kwenye orodha. Kalisi moja (kikombe cha divai) bado inatumika kwenye Misa, na chombo kinachotumika hakifungiwi kwenye kioo. Pili, kasha dogo la masalia ya mtakatifu, lenye lakiri nyekundu na hati yake, limerudi kwenye kikanisa. Masalia ni ya kuheshimiwa kwa sala, hayapangwi rafu moja na vyetezo. Lakiri isiguswe hata kwa kusafisha, maana ikivunjika hati haina kazi tena. Vitabu vya ubatizo navyo havionyeshwi. Bado ni vya ofisi.

Kosa la kwanza: namba 14 za mwanzo ziliandikwa kwenye utepe wa gundi na kubandikwa chini ya sanamu. Utepe ulipobanduliwa kwenye sanamu ya plasta ulitoka na rangi, kipande cha ukubwa wa shilingi. Sasa sanamu na vyombo vinafungwa kibandiko cha kadi kwa uzi wa pamba, na mavazi yanashonewa kitambaa cha amerikani chenye namba ya penseli, mishono miwili tu, kwenye bitana.

Gharama: kadi, uzi, penseli, karatasi, 4,300.

9 Februari: Kipima unyevu kinachodanganya

Tumenunua vipima unyevu vitatu vya 1,400 kila kimoja. Vilipowekwa meza moja vilisoma 61, 66 na 72. Bei nafuu si kosa, mradi ujue kila kimoja kinadanganya kwa kiasi gani.

Jaribio ni la jikoni. Weka vijiko viwili vya chumvi kwenye kifuniko cha chupa, tia matone ya maji hadi iwe kama mchanga uliolowa bila maji kuelea. Funga kifuniko hicho pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, uache mahali pasipo jua kwa saa 12 au zaidi. Hewa juu ya chumvi iliyolowa husimama kwenye asilimia 75. Vipima vyetu vilisoma 69, 74 na 80. Basi cha kwanza huongezwa 6, cha pili 1, cha tatu hupunguzwa 5, na namba hiyo imeandikwa mgongoni. Usimwage chumvi kwenye kipima. Cha nne, cha kuazima, kilikufa hivyo.

Baada ya wiki mbili: saa kumi na mbili asubuhi nyuzi 17 na unyevu wa asilimia 84, saa nane mchana nyuzi 31 na asilimia 41. Na huu bado ni msimu wa kiangazi. Ukungu huanza kufurahia maisha unyevu ukikaa juu ya 65 hadi 70, lakini kinachopasua mbao na kubambua rangi ni huku kupanda na kushuka pointi 43 kila siku. Chanzo ni paa. Mabati yakipata moto hewa nayo inapata joto na unyevu wake kwa asilimia unashuka. Usiku yakipoa, unarudi. Kwa hiyo fedha ya kwanza inakwenda juu ya vichwa vyetu.

Gharama: 4,250 pamoja na chumvi.

16 Machi: Dari, na mtambo uliotaka kukausha kaunti nzima

Kabla ya dari ulinunuliwa mtambo wa mitumba wa kukausha hewa, 18,000. Ulikuwa ukitoa lita 3 za maji kwa siku na kila mtu akashangilia ile ndoo. Unyevu chumbani haukushuka hata pointi 4. Nafasi kati ya ukuta na mabati ilikuwa wazi kwa upana wa kiganja pande zote, hivyo mtambo ulikuwa unakausha hewa ya Kakamega, na Kakamega haina haba ya unyevu. Stima ilipopotea usiku unyevu ulirudi ulipokuwa ndani ya saa mbili. Tumeuondoa.

Kilichosaidia ni dari ya plaiwudi, karatasi 20, ikiacha nafasi ya hewa chini ya mabati, na wavu wa waya kwenye matundu ya juu ili joto litoke na popo wasiingie. Sasa chumba kinacheza kati ya nyuzi 19 na 26, na unyevu kati ya 54 na 76. Bado ni mwingi, ila mwendo umepungua kwa nusu. Kazi iliyobaki itafanywa ndani ya makabati ya vioo, kwa kuwa ni rahisi kutuliza hewa ya ndoo kumi na nane kuliko ya chumba kizima.

Onyo kwa anayeiga: usibandike nailoni ukutani kuzuia unyevu. Nyuma yake ukuta ulitoka ukungu mweusi kwa siku 11.

Gharama: plaiwudi 19,000, mbao 11,500, wavu 2,600, fundi 14,000, mtambo 18,000. Jumla 65,100.

27 Aprili: Nondo, na siku 14 zilizogeuka 20

Kasula (vazi la juu la padre kwenye Misa) sita za sufu na hariri zilikuwa na matundu na vijinyuzi vyeupe vya viwavi vya nondo. (Fundi wa dari alipoambiwa kuna nondo kwenye nguo aliuliza za milimita ngapi.) Sakristia ilizoea kutupa vidonge vya naftalini kwenye sanduku. Harufu yake ni sumu kwa anayekaa humo kutwa, na viwavi walikuwa hai katikati yake.

Njia ni baridi. Vazi linafungwa ndani ya karatasi laini, kisha mifuko miwili ya polithini, hewa ikikamuliwa na mdomo kuzibwa kwa utepe mpana. Linaingia kwenye friza ya sanduku iliyokwisha kufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Friza iwe tayari baridi kabisa. Ikipoa polepole mdudu naye hujizoeza. Wiki mbili. Kisha vazi linatoka na kukaa saa 24 bila kufunguliwa, ili jasho litoke juu ya mfuko na si juu ya hariri.

Friza tulikodi. Siku ya sita stima ilipotea kwa saa tisa na kipimajoto kilichokuwa katikati ya mafungu kikapanda hadi 7 chini ya sifuri. Kulikuwa na ushauri wa kuendeleza hesabu pale ilipoishia. Hesabu imeanza upya kutoka sifuri, maana yai lililosalimika ni nondo wa mwaka ujao. Weka kipimajoto chenye kukumbuka joto la juu kabisa; bila hicho tusingejua lolote, sababu stima ilipotea usiku na kurudi alfajiri.

Baridi haifai kwa sanamu za plasta wala mbao zilizopakwa rangi, kwa kuwa mbao na rangi hazinywei sawa. Sanamu mbili za mbao zenye matundu ya wadudu zimefungwa kwenye polithini angavu juu ya karatasi nyeusi. Unga mpya ukionekana kwenye karatasi, mdudu yuko kazini. Moja haijatoa kitu kwa wiki tano. Ya pili inatoa, na itabaki karantini.

Gharama: friza 4,000; mifuko, utepe, karatasi 1,150.

1 Juni: Makabati ya vioo, na silikoni inayonuka siki

Hapa ndipo pa kusoma polepole.

Makabati manne, kila moja sentimita 120 kwa 60 kwa 50, juu ya miguu ya chuma ya sentimita 85. Miguu ya mbao ilikataliwa mapema kwa sababu ya mchwa. Kioo ni cha tabaka mbili zilizogandishwa, kisichomwagika kikivunjika, mahujaji huegemea. Sakafu ya kila kabati fundi aliitengeneza kwa MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi), na vioo akavifunga kwa silikoni ya kawaida ya mabomba.

Siku ya kumi cheni ya chetezo cha shaba ilikuwa na nukta za kijani, na medali moja ya risasi imetoka unga mweupe. Vilipoingia vilikuwa safi. Wakosaji ni wawili. Silikoni inayonuka siki hukauka kwa kutoa asidi ile ile ya siki, na ndani ya kabati lililofungwa haina pa kwenda ila kwenye chuma. MDF nayo hutoa mvuke wa asidi kutokana na gundi na mbao zake, na haiachi baada ya wiki mbili, inaendelea miaka.

Marekebisho: vitu vyote vilitolewa. Silikoni ilikwanguliwa kwa wembe, ikawekwa ile isiyonuka siki, ambayo kwenye mrija imeandikwa kuwa haina asidi. Ni ghali zaidi na Kakamega haikupatikana, ilitoka Kisumu. MDF imefunikwa pande zote sita kwa karatasi ya alumini yenye gundi, maungio yakipandana sentimita 2, kisha amerikani juu. Amerikani ifuliwe kwa maji moto mara mbili bila sabuni ya manukato, hadi wanga wa kiwandani uishe na maji yatoke safi. Makabati yameachwa wazi wiki tatu.

Sasa kila kitu kipya kinachotaka kuingia kabatini kinajaribiwa: kipande chake kwenye chupa ya jemu pamoja na kipande cha risasi, cha shaba na cha fedha vilivyosuguliwa, tone la maji kwenye pamba, kifuniko, wiki nne mahali pa joto, na chupa ya pili isiyo na kipande hicho kwa kulinganisha. Maabara huweka nyuzi 60. Sisi tumeweka juu ya jokofu la jikoni, hivyo jibu letu ni la kukataa tu, si la kuthibitisha. Zulia la sufu la kijani lililotolewa kwa moyo mwema liligeuza fedha kuwa ya manjano. Sufu ina salfa. Limekwenda kwenye ofisi.

Kabati la fedha ndilo pekee lenye chembe za silika za kunyonya unyevu. Kipimo cha kawaida ni kilo 20 kwa kila mita moja ya ujazo. Kabati lina mita 0.36, hivyo kilo 7.2, tulinunua 8 kwa 900 kila kilo. Zimetandazwa kwenye trei chini ya sakafu yenye matundu, kwa sababu zikirundikwa kwenye kifuko ni za juu tu zinazofanya kazi. Kilo 2 ziliharibika zilipokaushwa kwa sufuria juu ya makaa: chembe za rangi ya chungwa ziligeuka kahawia na haziwezi tena kuonyesha zimeshiba au la. Zikaushwe kwa tanuri lenye kipimo, nyuzi 110, zisizidi 120.

Kuhusu kung'arisha: dawa ya kung'arisha ya dukani inasugua fedha, na kwenye chombo kilichopakwa dhahabu inaondoa dhahabu yenyewe. Kikombe kimoja kimekwisha kuwa na mdomo mweupe kwa kazi ya miaka iliyopita. Tunatumia unga laini wa chaki (kalsiamu kabonati) uliotiwa maji, pamba, na mkono mwepesi, mara moja tu kabla ya kuingia kabatini. Glavu ziwe za mpira wa nitraili. Za pamba huteleza, na kalisi ikianguka glavu haina maana.

Gharama: fremu 30,000, vioo 42,000, silikoni ya kwanza 2,400, ya pili 3,900, alumini 3,200, makufuli 1,800, silika 7,200. Jumla 90,500.

29 Juni: Kasula na mwanga

Kasula za kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ni fupi, zimekatwa mbavuni, na nyuzi zake za dhahabu ni nzito. Moja ilipimwa kilo 3.4. Ilitundikwa kwenye hanga ya waya kwa siku nne za kupiga picha, na mshono wa bega ukafunguka sentimita 6: uzito wote ulikuwa juu ya waya mbili. Sasa kila moja ina bega lake: bomba la PVC, pamba, amerikani juu, upana ukifuata bega la vazi. Zile dhaifu zimelala kwenye ubao ulioinama kidogo.

Kasula moja imeonyeshwa pamoja na manipulo, kile kitambaa cha mkono wa kushoto. Vijana wa parokia walidhani ni kitambaa cha kufutia jasho, na hawakuwa mbali na asili yake. Kuanzia 1967 padre halazimiki tena kuivaa, na mapadre wengi wa leo hawajaigusa.

Mwanga wa nguo na karatasi usizidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Programu ya simu ilisema tuko 60. Kipimo halisi kilisema 310. Tumenunua kipimo. Taa za LED zimepunguzwa, karatasi ya kutawanya mwanga imewekwa, na senza inaziwasha mtu akikaribia. Kibadilishi umeme kilikuwa ndani ya kabati na kilipandisha joto nyuzi 5; kimehamishiwa chini, nje. Hesabu ya kila vazi: laksi 50, saa 8, siku 90, ni saa-laksi 36,000. Kisha linashuka kupumzika gizani. Madirisha yamefungwa kwa ubao na pazia la amerikani mbili, na kwa wanaolalamika kuwa chumba kina giza, jicho huzoea kwa dakika mbili.

Gharama: 15,100.

20 Julai: Maandishi

Mabango 14. Matatu yalichapwa upya, na makosa mawili yalikuwa ya historia, si ya herufi.

Ramani ya wamisionari wa Mill Hill iliandika "Jimbo Kuu la Kisumu, 1953". Mwaka huo Kisumu ilikuwa jimbo. Jimbo kuu ilikuwa mwaka 1990. Pia ramani ilichora jimbo la Kakamega, ambalo lilimegwa kutoka Kisumu mwaka 1978, na la Bungoma, ambalo ni la 1987. Ramani ya mwaka fulani ichore mipaka ya mwaka huo, la sivyo mzee aliyebatizwa Mumias miaka ya hamsini atakuuliza mbona cheti chake kinasema Kisumu.

Picha moja iliandikwa "Kardinali Otunga, Askofu wa Kisii". Alipewa Kisii mwaka 1960 na ukardinali mwaka 1973, alipokuwa Askofu Mkuu wa Nairobi. Sasa inasomeka "Askofu Maurice Otunga".

La tatu ni karatasi ya kung'aa iliyorudisha taa machoni. Tumia ya kufifia.

Herufi zilianza na pointi 18. Akina mama watano wa jumuiya, wawili bila miwani, walisimama mita moja na nusu na kusoma kwa sauti. Waliokwama walikwama wote pale pale. Tumefika pointi 30, maneno 40 kwa bango, katikati ya bango ikiwa sentimita 140 kutoka sakafuni. Kiswahili ndicho cha bango, Kijaluo kwa vichwa. Kiluhya kilizua mjadala wa siku mbili, Kiwanga, Kiisukha au Kibukusu, na ukaisha kwa kukubaliana kuwa kila mwelekezi ataeleza kwa lugha ya kwao. Misimbo ya kupigwa picha kwa simu imeachwa: bando ni la mtu, na wengi huzima simu wakiwa hijani.

Gharama: 25,200 na marudio 5,400.

10 Agosti: Barua za shukrani zimeshushwa

Siku tano kabla ya kufungua, barua 16 zilikuwa ukutani, zikiwa na majina, vijiji, na magonjwa kwa undani, moja ikitaja ugonjwa wa mtoto aliye shuleni sasa. Aliyeandika alimwandikia Mama Maria. Hakuandikia foleni ya watu. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Zote zimeshushwa.

Utaratibu mpya: barua halisi inapigwa picha na kuhifadhiwa kwenye bahasha ndani ya sanduku lenye kufuli. Ukutani panakwenda nakala iliyoandikwa upya bila jina, kijiji wala jina la ugonjwa, na hiyo pia kwa idhini ya maandishi ya mwenyewe. Hadi leo watu 7 wametoa idhini. Nafasi 9 ziko wazi na zitabaki wazi.

Neno "muujiza" limefutwa kwenye mabango yote. Kutangaza muujiza si kazi ya kituo. Tunaandika "shukrani".

Gharama: 2,700.

17 Agosti: Baada ya kufungua

Tumefungua 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Mpango ulitegemea watazamaji. Waliokuja ni mahujaji, na mahujaji hawatazami, wanasali. Mambo manne yamevunjika siku ya kwanza.

Mishumaa. Kufikia saa nne asubuhi kulikuwa na mishumaa 11 sakafuni mbele ya sanamu, mmoja sentimita 30 kutoka pazia. Kibao cha "usiwashe" hakikusaidia, kwa kuwa mtu aliyetembea kilomita 40 na mshumaa mkononi atauwasha. Jibu ni kumpa pa kuwashia: nusu pipa lenye mchanga, chini ya kibanda cha mabati, mita 6 kutoka mlangoni, upande ambao upepo unatoka chumbani. Tangu jana hakuna mshumaa ndani.

Kugusa. Miguu ya sanamu ya plasta ilipoteza rangi kwenye kidole gumba kwa siku moja. Sanamu imeingia nyuma ya kioo, na mchongaji wa Tabaka, kule Kisii, anatengeneza ndogo ya jiwe la Kisii ya kuwekwa nje ya kioo. Jiwe hilo ni laini, na mafuta ya mikono hulitia mng'ao.

Msongamano. Watu 60 kwa pamoja walipandisha unyevu pointi 9 ndani ya saa moja. Jasho, pumzi, nguo zilizonyeshewa, na mitungi ya maji ya baraka iliyokuwa ikimwagika. Mlango wa nyuma ulikuwa umezibwa na kabati letu wenyewe, kosa la mchoro lililoonekana dogo mwezi Juni. Kabati limehamishwa: kuingia mbele, kutoka nyuma, watu 25 kwa pamoja. Mitungi inabaki kwenye rafu ya nje kwa vibandiko vya namba. Mlangoni kuna kokoto na mita 3 za gunia. Tope limepungua sana.

La nne lilikuwa la kanisa hasa. Maua na rozari viliwekwa chini ya picha ya Otunga, na mtu akapiga magoti. Otunga ni Mtumishi wa Mungu, hajatangazwa mwenyeheri. Mtu binafsi aweza kumwomba kimya, lakini kituo hakiruhusiwi kumpa heshima ya hadharani: hakuna taji la mwanga, mshumaa wala altare chini yake, na kosa hilo laweza kuharibu kesi ya kumtangaza mtakatifu. Picha ilikuwa peke yake ukutani, katikati, na taa juu yake. Tuliipanga kama mtakatifu, wakaitendea hivyo. Sasa iko kwenye safu ya maaskofu wengine, ukubwa uleule, bila taa yake.

Gharama: pipa, kibanda, rafu, kokoto 11,500, jiwe la Kisii 6,000.

12 Oktoba: Magongo

Mwezi wa Rozari umeleta nadhiri mpya 34, kati yake magongo 19. Utaratibu wa kupokea ulikuwa daftari tu. Haukutosha.

Gongo la mbao linaweza kuja na wadudu, kwa hiyo kila kitu kipya kinakaa wiki tatu kwenye mfuko angavu juu ya karatasi nyeusi kabla ya kukaribia chumba. Mawili yametoa unga. Magongo sita ya alumini yalikuwa na namba za hospitali: yaliazimwa, hayakuwa ya kutolewa. Yamerudishwa kwa mkono, na aliyeleta amepewa kadi ya kuandika shukrani yake badala ya gongo. Swali hilo sasa linaulizwa mezani kabla ya kupokea.

Ukuta una nafasi ya magongo 20. Mapya yakipanda, ya zamani yanashuka kwenye rafu ya stoo yakiwa na namba zake. Hayatupwi wala hayachomwi.

Hesabu hadi leo ni 235,200. Kati ya hizo 27,600 zimepotea: mtambo wa kukausha 18,000, mabango 5,400, silikoni ya siki 2,400, silika iliyoungua 1,800. Unyevu ndani ya makabati ya nguo ni 58 hadi 63. Kabati la fedha limesimama 42, na cheni ya chetezo haijatoa kijani tena.

Yaliyo mbele: silika ikaushwe kipima kikifika 48. Sanamu ya mbao iliyo karantini bado inatoa unga, na tunatafuta mtu mwenye nailoni isiyopitisha hewa na vifuko vya kunyonya oksijeni, ili mdudu akose hewa. Kasula ya kijani iliyoanza 15 Agosti inashuka 13 Novemba, na nyeusi ya Misa za wafu inapanda mahali pake. Bega lake la pamba halijashonwa.